Boni ya Saa Saba

Siku ambayo Kuria hakurudi kutoka Kitisuru, kibanda chake kilibaki wazi.

Hakikuwa kibanda cha mbao. Kilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la Mzee Bhagwanji, pale Biashara Street, ambako kaka yangu alipima na kukata vitambaa tangu alipomaliza shule. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akicheza mchezo mmoja wa majoka, wachawi na mapanga. Wengine huucheza ili waue majoka. Kuria aliucheza ili afanye biashara. Alikuwa na kibanda kando ya kisima katika mji unaoitwa Ngome ya Chumvi, na watu wa nchi nyingi walikuja kubadilishana naye vitu. Soko lile halina sarafu. Unaweka chako upande mmoja wa mizani, cha mwenye kibanda kinakaa upande wa pili, na mizani ikikubali mmemalizana.

Siku hiyo alikula haraka, akafunga mapazia ya mteja nyuma ya pikipiki, akaondoka. Aliniandikia mimi, dada yake Wangeci, ujumbe: “Ceci, usile nyama yote.” Kwenye mteremko wa kuingia Kitisuru lori likampitia, na dereva hakusimama. Nilipofika hospitali kule Upper Hill nilipewa mfuko wenye kofia yake na kiatu kimoja. Nyama ilikaa kwenye sufuria mpaka Mama akaimwaga.

Baada ya mazishi Mzee Bhagwanji alinipigia simu mwenyewe. “Nafasi ya ndugu yako iko,” alisema. “Kuja ukae. Sitaki kuweka mtu sijui.” Nikaenda. Nilifundishwa kushika rula ya mita na mkasi wake, ambao ulikuwa bado na uzi mwekundu aliofunga kwenye kishikio ili usichanganywe na mingine.

Viraj, mjukuu wa Mzee, ndiye aliyekuwa akifanya hesabu za duka, na ndiye aliyecheza na Kuria. Kwa siku kadhaa alinizunguka tu. Halafu mchana mmoja akavuta kiti mbele ya kompyuta.

“Wangeci, kuna kitu lazima uone. Sijui kama ni vizuri.”

“Kama hujui, mbona unanionyesha?”

“Kwa sababu nisipokuonyesha mimi, utakuja kuona peke yako.”

Akanivalisha vipokea sauti masikioni. Kwenye kioo niliona soko la mawe, watu wakipita na mizigo, na kando ya kisima mwanamume mwenye kofia pana na aproni ya kijani. Juu ya kichwa chake paliandikwa Kuria. Alisimama nyuma ya rafu zilizojaa vitu, akipumua, mabega yakipanda na kushuka. Taa ya kibanda chake ilikuwa imezimika. Juu ya rafu ya mwisho palikuwa na pembe ya ng'ombe, na kutoka kwenye pembe hiyo nikamsikia kaka yangu.

“Kuja, kuja, kuja! Usipite kama hatujuani! Leta ulicho nacho, tutaskizana! Hata kama ni kiatu moja, leta!”

Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke: “Wewe Kuria, unapigia nani kelele? Chai inapoa!” Kisha kicheko cha Kuria, kile cha kupitia puani. Halafu ikaanza tena. Kuja, kuja, kuja.

Yule mwanamke nilikuwa mimi. Kuria aliirekodi nyumbani, jikoni, nami sikujua.

Niliweka simu kwenye vipokea sauti nikaichukua ile sauti. Jioni nikaipeleka Dagoretti, kwa Mama, anakouza matumbo karibu na machinjio. Aliisikiliza amesimama, kisu mkononi, maji yakimtiririka kwenye kiwiko.

“Hii aliongea lini?”

“Mwaka jana.”

“Na sasa anaita nani?”

Nikamweleza jinsi nilivyoweza: mchezo, soko, kibanda kisichofungwa. Mama hakulia. Alifuta kisu kwenye aproni, pande zote mbili.

“Yaani bado anafanya kazi.”

“Ni mashine, Mama.”

“Mashine haiwezi kucheka hivyo. Mtoe hapo, Wangeci. Mtu akishazikwa anaacha kuita kastoma.”

Kesho yake nilimwambia Viraj. Alisugua macho. Neno la siri la Kuria hakuna aliyelijua. Alikuwa ameshawaandikia wenye mchezo, nao wakajibu kwa barua ya mashine kwamba ombi la kufunga kibanda liletwe na Kuria mwenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuichukua pembe kwa kubadilishana, kama mteja mwingine yeyote. Anayeichukua pembe anaweza kuiweka mfukoni, na ikiwa mfukoni inanyamaza.

“Basi tuichukue.”

“Kuria aliiwekea uzito wa mlima. Hakutaka iende. Ukiweka kila kitu nilicho nacho na kila kitu utakachopata, mizani haitasogea.” Akakuna kidevu. “Labda kwa boni.”

Boni niliijua. Ni ya Mzee Bhagwanji, na babu yake alikuja nayo kutoka ng'ambo. Mteja wa kwanza wa siku harudishwi. Akitoa kidogo, unapokea hicho kidogo, kwa sababu ndiye anayefungua siku. Na mkono ulioanza kumhudumia ndio unaomaliza; humwachii mwenzako, humwambii arudi baadaye. Siku ikifunguliwa vibaya, anasema Mzee, inabaki hivyo mpaka jioni.

Kuria aliipeleka desturi hiyo mpaka Ngome ya Chumvi. Aliipanga mizani yake ili mteja wa kwanza wa kila siku achukue kitu kimoja chochote kwa kutoa chochote. Watu wa nchi nyingine walimwandikia kumwarifu kwamba mizani yake ni mbovu. Alikuwa akiwasomea wenzake dukani barua hizo na kucheka.

Siku ya mchezo hugeuka saa saba mchana, kwa saa za kwetu. Kengele inalia, soko lote linamwagwa nje ya lango la mji, kisha lango linafunguliwa na kila mtu anakimbilia anakotaka. Viraj alinitengenezea mtu wangu, msichana mwenye kikapu cha uyoga. Tulisubiri kengele pamoja. Lango lilipofunguka nilikimbia, nikagonga ukuta, nikageuka, nikagonga ukuta mwingine. Nilipofika kisimani palikuwa na mtu tayari.

Alikuwa mrefu, miguu mitupu, amevaa kinyago cheupe chenye macho na kisicho na mdomo. Jina lake lilikuwa Hodi. Aliweka donge la barafu kwenye mizani ya Kuria. Mizani ikalikubali. Akachukua kitambaa cha hariri nyekundu, kitu cha thamani kuliko vyote mle, akasogea pembeni, akasimama. Barafu ikayeyuka juu ya rafu, ikawa maji, ikawa si kitu.

Siku iliyofuata alikuja tena kwanza. Barafu, naye akachukua ngao. Siku iliyofuata, barafu, naye akachukua kinanda cha nyuzi.

“Huyo ni fisi,” Viraj alisema. “Taa ikizimika wanajua mwenyewe harudi. Wanamaliza kibanda. Kikiwa kitupu kinaanguka, halafu wanachukua nafasi. Hapo kando ya kisima ni mahali pazuri sana.”

“Na pembe?”

Akaanza kupanga risiti zilizokwisha pangwa.

“Viraj.”

“Wanaitundika kwao. Pembe yenye sauti ya mtu wa kweli inavuta watu. Kuna moja karibu na daraja, sauti ya msichana mdogo. Wanasema mwenyewe alikufa zamani. Bado inaita. Mimi hupita upande ule mwingine.”

Siku hiyo nilishindwa kula. Pembe ilikuwa kwenye rafu ya mwisho, na Hodi alikuwa akianza na vitu vya bei kubwa akishuka. Kila siku rafu moja ilibaki na pengo jipya. Viraj aliniambia nisimwonyeshe Hodi ninachotaka, hata kwa kusimama karibu nacho. Kwa hiyo nilikuwa nikisimama upande wa kisima, mgongo wangu kwa pembe, nikimsikiliza kaka yangu akiniambia nisipite kama hatujuani.

Jina Hodi lilinisumbua. Ni jina la mtu wa huku. Mchana mmoja nilimwandikia kwa Kiswahili.

“Mwenye kibanda hiki alifariki. Ni kaka yangu.”

Kinyago kilinigeukia. Muda ukapita, mpaka nikadhani ameenda.

“Najua,” akaandika.

Kisha: “Ndiyo maana nakuja.”

Tangu hapo nilianza kuwaangalia watu wanaoingia dukani. Kuna bwana mmoja alishika kitambaa cha sofa kwa muda mrefu sana, simu yake ikiwa mkono wa pili, akatoka bila kuuliza bei. Kuna mwingine aliuliza kwa nini kijana aliyekuwa hapa haonekani. Nilimwambia. Akasema pole, akatazama kompyuta nyuma yangu, au labda alitazama saa ya ukutani iliyo juu yake. Kila mtu wa Nairobi angeweza kuwa Hodi.

Ili kumshinda nilihitaji viatu vya upepo, na viatu vya upepo alikuwa navyo fundi mmoja katika soko lile, kijana wa Kakamega aitwaye Joash ambaye Viraj alimfahamu. Nilimwendea na kikapu changu.

“Sasa. Hizo viatu unataka nini?”

“Poa. Nataka ngozi ya joka.”

“Joka mimi nitatoa wapi? Niko na uyoga.”

“Uyoga! Dada, unajua hizi ni za upepo, ama unadhani ni sandak za plastiki za kukanyagia matope?”

“Sandak angalau haitoboki. Hiyo yako ya kushoto naona kidole.”

“Hiyo si tundu, ni mtindo!”

“Basi nipunguzie mtindo.”

Alicheka kwa maandishi, mstari mzima. Lakini hakupunguza. Ilinibidi nianzie chini. Nilibadilishana uyoga na mwanamke mmoja aliyekuwa na asali, nikamwambia asali yake imeganda akaniongezea mkebe. Asali nikaipeleka kwa wawindaji mlimani, ambao walikuwa na nyama na manyoya lakini hawakuwa na kitu kitamu. Mama alinifundisha hivyo bila kujua: matumbo usiyauze mlangoni pa machinjio, yapeleke mahali hakuna machinjio. Nilidanganywa mara moja na mchawi aliyenipa fimbo iliyokuwa tawi tu. Nilimtafuta siku nzima, nikasimama mbele ya kibanda chake nikiwaambia wateja wake ukweli, mpaka akanilipa magamba mawili ya joka ili niondoke.

“Wewe unafaa hii kazi kuliko Kuria,” Viraj alisema. “Yeye alikuwa na huruma.”

Lakini rafu za Kuria ziliendelea kutoka vitu. Viraj aliona tunachelewa. Mchana mmoja alichukua upanga wake wa buluu, ambao aliutafuta kwa miaka, akaenda kwenye kibanda cha Kuria, akaubadilisha na kijiko. Kesho yake Hodi aliuchukua upanga badala ya kushuka rafu ya chini. Tukapata siku moja.

Jumatatu Joash aliyashika magamba, akayageuza, akasema yana harufu ya wizi.

“Yana harufu ya joka,” nikamwambia. “Hujawahi kunusa.”

“Chukua viatu, mama. Nimechoka na wewe.”

Nikavivaa. Nilikwenda nikavijaribu barabarani mwa mji ule, na msichana wangu alipita katikati ya watu kama hawapo. Kwenye kibanda cha Kuria, Hodi alikuwa amesimama mahali pake. Rafu zote zilikuwa tupu. Ilibaki pembe tu.

Jioni nilimwambia Mama kwamba kesho mchana Kuria atatoka. Alisonga ugali mwingi kuliko tunaoweza kula wawili.

Jumanne kulikuwa na maandamano mjini. Asubuhi yote Biashara Street ilikuwa milango ya chuma imeshushwa, nasi tulikaa ndani gizani tukisikia mabomu ya machozi kutoka upande wa Moi Avenue. Viraj hakufika. Alikuwa ametumwa benki Upper Hill kabla ya vurugu, barabara zikafungwa, akaniandikia kutoka huko: “Fanya peke yako. Kumbuka kisima, kushoto.” Adhuhuri ilipopita, kelele zikasogea mbali, Mzee akasema tufungue nusu. Nilipandisha mlango mpaka kiunoni. Hewa ilikuwa bado inachoma macho.

“Leo bado boni,” Mzee alisema kutoka kwenye kiti chake. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia.

Niliwasha kompyuta. Nikamweka msichana wangu tayari, viatu miguuni, uyoga mmoja mkononi wa kutoa. Kengele ya saa saba ilikuwa karibu. Hapo mwanamke akainama chini ya mlango, akaingia na leso puani.

Aliitwa Nakhumicha, fundi wa sare za shule, mteja wa zamani. “Dada Wangeci! Nimelia kutoka stesheni mpaka hapa na sijafiwa. Leo mnanipa bei ya machozi.”

Nilitazama nyuma. Mzee alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea kwake, kisha kwangu. Nilikuwa nimeshaitikia salamu. Mkono ulikuwa umeanza.

“Unataka nini, dada?”

“Bitana. Ile ya kijivu. Si hiyo, hiyo ni ya jeneza, nionyeshe ile laini.”

Nikashusha jora. Akaikunja, akaivuta, akainusa.

“Dada, nipe dakika moja tu nije,” nikasema.

Aliacha kitambaa mara moja. “Mna kazi? Basi acha nijaribu kwa jirani, wamefungua.” Akageukia mlango.

Mzee Bhagwanji aliinuka. Ana miguu mibaya na haamki hovyo. “Wangeci,” alisema, taratibu. “Boni usiache itoke.”

Nikashika rula ya mita. “Rudi, dada. Ngapi?”

Kompyuta ilikuwa upande wangu wa kulia, kioo kikinitazama. Nilikuwa nikipima niliposikia kengele kutoka kwenye vipokea sauti vilivyolala mezani, ndogo kama ya baiskeli ya mtoto. Soko likamwagwa nje ya lango. Nilimwona msichana wangu katikati ya umati, viatu vyake vikitoa mwanga wa buluu. Lango likafunguka. Watu wote wakakimbia. Yeye alibaki amesimama.

“Unapima huku unaangalia sinema?” Nakhumicha akauliza. “Hapo umenipunja, rudia.”

Nikarudia. Nilikata kwa mkasi wa Kuria. Nakhumicha akataja bei yake, ikawa chini ya ile tuliyonunulia, na Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba nikubali. Mzee akapokea noti, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka kwenye droo chini ya picha ya mungu wao wa kike wa mali. Uso wake ulitulia. Siku ilikuwa imefunguliwa vizuri.

Nilipokaa mbele ya kompyuta na kukimbia, viatu vya upepo vilinifikisha haraka sana. Kando ya kisima palikuwa na ardhi tupu, na dimbwi dogo la maji linalokauka. Mwanamume mwenye aproni ya kijani hakuwepo tena. Soko lilikuwa kimya.

Kimya kilidumu mpaka kesho yake. Kengele ilipolia nilikimbia, nikawa wa kwanza kabisa, sikuona mtu mbele yangu njia nzima. Na kabla ya kufika kisimani nikasikia: “Kuja, kuja, kuja! Usipite kama hatujuani!”

Kibanda kipya kilikuwa cha mawe meusi. Hodi alisimama nyuma ya rafu, kinyago chake kikinitazama, hariri nyekundu imetandikwa mbele yake, upanga wa Viraj umeegemezwa ukutani. Pembe ilitundikwa juu ya kichwa chake.

“Wewe Kuria, unapigia nani kelele?” sauti yangu ikasema kutoka juu. “Chai inapoa!”

Niliweka uyoga kwenye mizani. Haikusogea. Nikaweka viatu. Haikusogea.

“Hiyo unataka nini?” nikaandika.

“Hiyo haitoki,” Hodi akajibu. “Inaniletea wateja. Ona, imekuleta.”

Nyumbani Mama aliniuliza kama Kuria ametoka. Nikamwambia bado. Hakuuliza tena, ila akipika anapika ya watatu.

Mzee Bhagwanji ameniruhusu kula chakula changu mbele ya kompyuta. Saa saba mchana kengele inalia, lango linafunguliwa, nami ndimi ninayefika wa kwanza kwenye kibanda cha Hodi. Naweka kitu kwenye mizani. Hodi hana boni.